Dakika mbili za turbo

Jamani, kumbe marehemu mume wangu hakuwa ananikwepa!

Leo kigari chetu cha dizeli kimetoa moshi wa bluu kuanzia Mlali mpaka mjini. Fundi kakifungua, akatikisa kichwa.
"Mama, turbo inayosukuma hewa kwenye injini imekufa. Ukifika unazima injini hapo hapo?"
Nazima, ndiyo. Nikae garini namngoja nani?
"Iache iungurume dakika mbili, turbo ipoe, ndiyo uzime."



Mume wangu akirudi alikuwa anabaki garini, injini inaunguruma. Mimi dirishani nimenuna: huyu hataki kuingia ndani!
Hakuniambia. Nami, kwa kiburi changu, sikuuliza.

Jioni hii nimerudi, kigari kimefungwa turbo ya mtumba. Nikakaa garini dakika mbili, injini inaunguruma.
Dirishani hakuna aliyenuna.