Minyaa ya Mama Zamoyoni

Ukifika stendi ya Shinyanga miaka ile ya sabini ukamkosa Mwahija binti Sabiti na karai lake la vitumbua, ujue ama anaumwa ama ni Idi. Alitoka Bagamoyo akiwa bado bibi harusi, kamfuata mumewe Majaliwa aliyepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Majaliwa akamjengea nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Kisimani, akamwachia binti mmoja, Zamoyoni, kisha akafa. Tangu hapo nyumba ile ndiyo ilikuwa mume, baba na mjomba wake.

Mwaka wa sabini na sita wakaja watu wa ramani. Mji unapangwa, wakasema, na kati ya Kisimani na Bondeni itapita barabara ya futi arobaini, ikiambaa na mpaka wa mitaa hiyo miwili kwa upande wa chini. Kwao lilikuwa neno dogo. Lakini jamani, watu nusura watoane macho! Kwingine kote mpaka ulifuata mfereji, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa kipande kimoja tu, pale ambapo mstari wa minyaa ulitenga ua wa Mwahija na ua wa jirani yake Paskalia. Kisimani walisema mpaka ni hiyo minyaa, mwenye macho haambiwi. Bondeni walisema mpaka wa zamani ulikuwa juu zaidi, nyuma ya nyumba ya Mwahija. Ila wazee waliosimulia hivyo walikwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na hapakubaki wa kuapa. Vigingi vilipigwa mchana, asubuhi vikakutwa vimeng'olewa. Makoye, balozi wa nyumba kumi, mtu mzima yule, alizabwa kofi akiamua ugomvi.

Mambo yalikuwa wazi. Mpaka ukiwa minyaa, barabara inakula nyumba ya Paskalia. Ukiwa kule juu, inakula ya Mwahija.

Na Mwahija alijua ni wapi. Alipofika mjini, kabla Paskalia hajahamia, minyaa ilisimama huko juu, imeubana mlango wake wa nyuma. Akashika panga, akaifyeka, akang'oa na visiki. Zile fimbo akazichomeka chini kabisa ya ua apate pa kuanikia majamvi, akidhani zitakauka awe na kuni. Msukuma yeyote angemkataza. Fimbo ya mnyaa haikauki. Ukiichomeka inaota, na ikiota kwa mstari, kwao huo ni mpaka, hauulizwi mara mbili. Mtu wa pwani angejuaje? Mvua za msimu mmoja tu, ukuta wa kijani ukasimama. Mzee mmoja jirani, Bujiku, alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Majaliwa kwamba mkewe amehamisha mpaka wa watu.

Majaliwa alikuwa kaburini. Bujiku alikuwa hai, analima kijijini Didia, na siku hizo kila alipotokea mzee juu ya baiskeli kwenye barabara ya Didia, Mwahija alijikuta anaunguza vitumbua.

Laiti Paskalia angekuwa mtu wa shari, ingekuwa nafuu. Lakini wapi! Mumewe, Marcel, alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, mwaka wa tatu huo hajaleta hata salamu, kamwachia watoto wanne. Na Zamoyoni alipougua surua, ni Paskalia aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Mwahija alikuwa akiyakumbuka hayo huku anasukuma mlango wake, anaugusa ukuta wake, anajiapiza kwamba akiulizwa atasema kweli. Akifika stendi, anaghairi.

Siku ya siku, mpimaji Theonest, kijana mpole mwenye miwani, alikusanya pande zote mbili penye minyaa. Akataka shahidi. Kisimani wakamtoa Mwahija, mkazi wa zamani kuliko wote. Bondeni wakaanza kuguna, na hapo Paskalia akasogea mbele, mtoto kiunoni.

"Na sisi shahidi wetu ni huyohuyo," akasema. "Namjua. Atakachosema nakubali, hata kama ni nyumba yangu."

Bondeni wakakubali, maana nyumba ilikuwa ya Paskalia. Mwahija alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo mama," Theonest akamwambia. "Tuonyeshe. Mpaka wa zamani ni upi?"

Akaitikia marahaba. Alitaka kusema kweli, wallahi alitaka, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akauona mlango wake wa bluu, uko wazi.

"Ni huu," akasema, akashika tawi la mnyaa.

Paskalia akaitikia kwa kichwa taratibu. "Haya. Kama ni wewe umesema, basi."

Wiki haikuisha, mabati yakashushwa. Paskalia alipewa kiwanja mbali, vichakani, na mpaka ajenge ilibidi yeye na watoto walale chumba cha pili cha Mwahija. Nani angemnyima? Watu wa Bondeni hawakupoa. Jioni moja walikuja mlangoni kutukana, kwamba Mama Zamoyoni kauza jirani yake. Mwahija alikuwa ndani anasonga ugali wa watu saba, akabaki palepale. Paskalia ndiye aliyetoka.

"Mwacheni," akawaambia. "Mimi na yeye ni ndugu. Angekuwa wa kudanganya, angedanganya aniokoe mimi. Alimwogopa Mungu."

Wakaondoka, vichwa chini. Mwahija aliendelea kusonga ugali uliokwisha kuiva, hadi Paskalia aliporudi akamnyang'anya mwiko na kumwambia aketi apumzike, anajitesa sana kwa ajili ya watu.