Jina la Shangazi Nyaguthii

Nilipokuwa mtoto kule Gakindu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu hawakuhangaika kutafuta jina la mtoto. Jina lilikuwa linamngoja kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza alichukua jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama, na wa tatu la dada mkubwa wa baba. Ndiyo maana mimi ni Wairimu kama shosho yangu, mama yake Baba, na mdogo wangu ni Wangechi kama yule shosho mwingine. Na halikuwa jina tupu. Tuliamini kwamba ukipewa jina la mtu, umepewa mtu huyo pia. Nilipokataa uji, Shosho Wairimu alicheka akasema hata yeye hakuupenda.

Kwa hiyo Mama alipojifungua binti wa tatu, msimu wa kuchuma kahawa, kila mtu alijua mtoto ni Nyaguthii. Na kila mtu akanyamaza.

Shangazi Nyaguthii, dada mkubwa wa Baba, alikuwa ameolewa upande wa Kerugoya, akakaa huko miaka mingi bila kupata mtoto, mwishowe akarudi nyumbani. Lakini hakutulia. Alianza kupeleka viazi na mboga kwa wafugaji wa Doldol na kurudi na mbuzi na kondoo, na wiki zilipita hatujamwona. Jina lake lenyewe, kwa Kikuyu, ni mwenye kwenda. Kijijini petu wanawake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Mama yangu alikuwa Mama Wairimu. Shangazi aliitwa Nyaguthii tu, hata na watoto wadogo.

Aliyelisema jambo wazi ni Shosho, mama yake mwenyewe. Aliketi jikoni kwetu akamwambia Mama kwamba anampenda binti yake, lakini jina lile lina mambo mawili tu ndani yake, barabara na tumbo tupu, na haoni sababu ya kumbebesha mtoto mchanga. Aitwe Njeri, alisema, kama dada mdogo wa Baba, ambaye nyumba yake ilijaa watoto. Baba alielekea kukubali. Mama alijibu kwamba atafikiri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi tuliomjua tulifahamu kuwa kufikiri kwake maana yake ni hapana.

Siku chache baadaye, asubuhi, mtoto akakataa titi. Alilishika, akalia, akaliacha. Shosho hakushangaa. Alisema jina limekuwa zito na mtoto analikataa. Aitwe Njeri sasa hivi, mtaona atakavyonyonya. Nilimwamini kabisa. Walipotoka nje nilimwinamia mtoto nikamnong'oneza sikioni, "Njeri," nione kama atanyamaza. Hakunyamaza.

Asubuhi ile ile Shangazi alifika kutoka safarini, akivuta kondoo dume mnono wa kumchinjia Mama. Aliambiwa yote, maana kwetu hakuna aliyejua kuficha neno. Alisikiliza akiwa mlangoni, kamba ya kondoo bado mkononi.

"Mwiteni Njeri," akasema. "Mimi sitakasirika."

Mama aliinuka, akamwinua mtoto, akamfunga kwa leso mgongoni mwa Shangazi, kisha akasema tunaenda zahanati. Mimi nikapewa chupa ya uji nibebe.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa matope matupu. Mama, ambaye bado hakuwa amepata nguvu, alitembea akinishika bega. Shangazi alitangulia kwa zile hatua zake ndefu, na mtoto akalala.

Nesi alimfungua mtoto mdomo akatuonyesha utando mweupe juu ya ulimi. Alisema ni ugonjwa wa kawaida wa watoto wachanga, unawauma wakinyonya, akampaka dawa ya zambarau. Kisha akauliza mtoto anaitwa nani. Shangazi akageukia dirisha.

"Nyaguthii," Mama akasema. "Ni jina la huyu aliyembeba."

Jioni mtoto alinyonya kidogo, kesho yake zaidi. Shosho alikuja, akautazama ule mdomo wa zambarau, akaelezwa tulivyoambiwa na nesi na jina ambalo Mama alikuwa ametaja. Halafu akampokea mtoto, akamsalimu kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka mbali.

"Nyaguthii, umefika?"

Shangazi alitoka nje haraka, akisema anaenda kumwangalia kondoo. Baba akamfuata, wakakaa huko muda mrefu. Tangu siku hiyo Baba hakumwita mtoto kwa jina. Alimwita "dada."

Onyo la Shosho lilitimia, siwezi kukana. Mdogo wangu yule alitembea mapema kuliko sisi sote, na hajaacha. Leo ana lori lake mwenyewe, anapakia mchele wa Kirinyaga na kuupeleka hadi Isiolo na mbele zaidi, naye hunipigia simu kutoka miji ambako mimi sijafika. Watoto hana. Kama atapata, sijui, nami sijamuuliza.

Shangazi tulimzika mwaka juzi. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu waweke shada la maua, watu walitazamana. Mdogo wangu akatoka katikati ya umati, akalichukua shada, akaliweka. Hakuna aliyenong'ona.

Miaka yote nilidhani Mama alikuwa akiipinga imani ya Shosho. Sasa naona aliiamini kuliko sisi sote, kwamba mtu hurudi kwa jina lake. Alichokataa ni kwamba mtu kama Shangazi hastahili kurudi. Alilikataa hilo akiwa na mtoto mgonjwa mikononi, nyumba nzima ikingoja abadili jina, naye hakubadili. Najivunia kuwa mtoto wa mwanamke huyo.