Injini Iliyochongwa Mlimani

Watu wa stendi husema gari ndilo lilimuua mdogo wangu. Gari halina akili, haliwezi kuua. Waliomuua ni baba yetu mkubwa na fundi wa Matiri, na wote wawili wapo hai, wanakula ugali wao. Majina siandiki. Mbinga ni ndogo, watajijua.

Mdogo wangu alikuwa na gari dogo la zamani, saluni inayosukumwa na tairi za nyuma, akipakia abiria kutoka Mbinga kushuka ziwani. Mimi nilikuwa mpiga debe wake. Gari hilo lilimlisha mke wake, mama yetu na mimi. Lami ilipofika Mbamba Bay, madereva wakaanzisha mtindo wao: kabla ya Krismasi wanashindana mbio kule chini, karibu na ufukwe, kwa sababu huku kwetu milimani barabara yote ni kona tupu. Magari yanatoka mawili mawili mpaka darajani. Mshindi anapakia wa kwanza stendi msimu wote wa sikukuu. Wa mwisho anakaa juani mpaka abiria wanaisha. Sisi tulikuwa wa mwisho, na Krismasi ile mama alikula ugali na majani ya maboga kama siku yoyote.

Mdogo wangu akaapa haitajirudia. Injini ilikuwa imechoka, inakula oili, kwa hiyo ilibidi kuchagua: kuifufua ile ile, au kutafuta nyingine. Kwetu kahawa ya marehemu baba haiuzwi mpaka mkubwa wa nyumba aseme, na bila kahawa hakuna injini. Basi Jumapili baada ya misa tukaenda kwa baba mkubwa, Mkumbi. Tukamkuta na fundi wa Matiri, yule anayetengeneza mashine za kukoboa kahawa na za kusaga. Walikuwa wamekwisha kunywa kangara, midomo imelegea.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Haya, mwanangu, sema hiyo injini yako ya Kizungu."

Mdogo wangu akaeleza. Songea kuna injini ya silinda sita, imetoka Japani na turbo yake, na kisanduku chake cha umeme kinachopima hewa inayoingia ili kijue kimwage petroli kiasi gani.

Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Hewa inapimwa? Hewa ya Mungu! Fundi, unasikia? Kesho watapima kivuli."

"Hivyo visanduku vikiungua, nani atavitengeneza huku?" fundi akasema. "Niachieni injini yenu. Nachonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu, ibane vizuri, nafunga kabureta mbili. Mashine zangu zote Matiri zinaimba, hakuna hata moja iliyoniaibisha."

Ni kweli. Lakini mashine zake zilifungwa kwenye saruji. Hakuna hata moja iliyowahi kushuka mlima.

Mdogo wangu alijaribu tena. "Baba mkubwa, ile ya Songea..."

"Kahawa ni ya nani?"

Ikaisha hapo. Injini ilichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Fundi alifanya kazi yake nje ya nyumba yetu. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwanzoni gari lilitoa moshi mweusi. Akapunguza vile vitundu vya petroli kwenye kabureta, wanaviita jeti, akaweka vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka moshi ukakatika na plagi zikatoka na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Tulipoijaribu njia ya Matiri ilipanda kilima kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa kamba. Mdogo wangu alipiga usukani kwa kiganja, anacheka. Sijamwona tena akicheka vile.

Siku ya mbio tulishuka wanne, baba mkubwa mbele, mimi na fundi nyuma. Tulipopita Tingi jasho likaanza kututoka, hewa ya ziwa ikawa nzito, na nikasikia injini inagonga, kama kokoto ndani ya debe. Nikamgeukia fundi. Akageuza uso dirishani, akaangalia maji.

"Baba mkubwa, injini inagonga."

"Wewe masikio yako yameharibika kwa kupiga debe."

"Tungesimama tuangalie."

"Simama wewe, utembee kwa miguu."

Ufukweni watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za lami, wanakula mihogo na dagaa, wanapiga miluzi. Baba mkubwa na fundi walishuka. Mdogo wangu aliniangalia kwenye kioo. "Kaka, njoo mbele. Ukikaa pembeni yangu sitetemeki."

Nikaenda. Tulikuwa mbele. Hilo nalisema kwa sababu watu wanasahau: tulikuwa mbele, na daraja naliona. Ndipo pistoni ikatoboka, injini ikakamata, tairi za nyuma zikajifunga, gari likazunguka likaenda kwenye kingo za daraja kwa upande wake yeye.

Fundi alikuja hospitali. Mguu wangu ulikuwa umening'inizwa. Alikaa pembeni ya kitanda, kofia mkononi.

"Kule chini hewa ni nzito, inataka jeti kubwa, la sivyo petroli inapungua na pistoni inaungua. Nilijua. Nilikuwa nimezitenga, nikazisahau nyumbani. Nikaona aibu kusema mbele ya baba yako mkubwa."

Aibu! Mdogo wangu yuko makaburini kwa sababu mtu mzima aliona aibu.

Baba mkubwa bado anakaa benchi la mbele kanisani. Alisema ni mapenzi ya Mungu, halafu akampa fundi injini, maana nyumbani inatuletea huzuni. Fundi alibadilisha pistoni, akaifunga kwenye msumeno wa mbao, ng'ambo ya bonde letu. Inaanza asubuhi. Mama akiisikia huacha jembe kwenye ngolo, shamba letu la mashimo, na kuingia ndani, anafunga mlango. Mimi siwezi kwenda mbali na mguu huu, kwa hiyo nakaa nasikiliza. Haigongi hata kidogo. Huku juu inanguruma vizuri kabisa.