Chujio la Ofisi Nzima

Fundi wa kompyuta ana mazoea ya kuisemesha seva kama anayembembeleza mtoto ale. "Haya, meza na hii, mama," huiambia, huku vidole vyake vinene vikicheza kwenye kibodi kwa wepesi usiotarajiwa. Akitaka kusema uongo, huvua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Mpokezi wa wageni, aliye meza ya pili, anamjua kwa hilo.

Basi meneja alipoingia akifoka kwamba mialiko yake ya kikao cha Jumatatu haimfikii mtu hata mmoja, mpokezi akainamia daftari la wageni. Alishaibonyezea mialiko ile kitufe cha "taka", si mara moja wala mbili, na chujio la barua pepe lilikuwa moja kwa ofisi nzima: likifundishwa na mmoja kuwa kitu ni taka, linawatupia wote. Fundi akafungua orodha ya waliobonyeza, akaisoma, akaigeuza skrini upande wake, meneja asiione. Kisha akavua miwani. "Ni uzee wa chujio tu, mkuu," akasema, akiifuta taratibu. "Leo nitampa kila mtu la kwake. Atakayetupa, atupe zake." Meneja akatoka ameridhika.

"Asante, kaka, umenisitiri," mpokezi akanong'ona.

"Wewe ulibonyeza mara nne tu, dada," fundi akajibu, akiivaa miwani yake. "Zile kumi na tisa nyingine ni mimi."