Nilizuia jenereta isinyanyuliwe, mume wangu akahamia kwa mama yake

Admin, weka kisa changu ila jina libaki kwako, maana Nyakanazi kila mtu anapita.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ntobeye, Ngara. Nimeolewa Nyantakara na nina watoto watatu. Mimi na mume wangu tunafanya kazi kwa tajiri mmoja mwenye yadi ya kushushia mizigo hapa Nyakanazi. Mume wangu ni msimamizi wa vibarua, mimi ni karani. Kabla ya kuolewa nilikuwa kwenye ghala la kahawa. Barua za wanunuzi wa nje zilikuja na uzito wa pauni, na mimi ndiye niliyekuwa naugeuza kuwa kilo. Pauni elfu mbili na mia mbili na kidogo ndiyo tani moja. Hesabu hiyo hata mniamshe usingizini nawajibu.

Mwezi uliopita lilikuja lori na jenereta. Karatasi zake zilisema kilo elfu tatu na mia tisa, yaani karibu tani nne. Tajiri alikuwa na winchi ya mnyororo, mtumba kutoka nje, na tangu aipate ilikuwa inanyanyua vitu vyepesi tu. Imegongwa namba 5,000. Mume wangu akawatangazia vibarua, "Hii inabeba tani tano. Jenereta haifiki nne. Fungeni."

Mimi nikasogea, nikafuta grisi kwa pindo la kitenge changu, nikaona herufi LBS, yaani pauni, baada ya namba. Pauni elfu tano ni tani mbili na robo tu! Na vibarua wawili walikuwa waingie chini ya jenereta kupanga magogo.

Nikamvuta pembeni kwa heshima. "Baba watoto, hizi ni pauni, siyo kilo. Haiwezi."

Akacheka kwa nguvu ili wote wasikie. "Karani amekuwa injinia! Rudi kwenye daftari lako."

Wakaanza kufunga. Nikapanda kwenye lori, nikakaa juu ya jenereta.

"Shuka, unanidhalilisha!"

"Sishuki!" nikampigia kelele. "Nyanyueni na mimi!"

Tajiri akaja, akampigia simu aliyemuuzia winchi, akaweka sauti ya nje. Yule mtu akasema, "Hiyo mwisho wake tani mbili na kidogo. Mkiweka nne mtazika watu." Kesho yake ikakodiwa kreni, jenereta ikashuka salama.

Nilidhani mume wangu atamshukuru Mungu. Kumbe vibarua walishambatiza Baba Pauni. Kila asubuhi, "Shikamoo Baba Pauni!" na vicheko. Akaacha kula nyumbani, kisha akahamia kwa mama yake.

Juzi nikaitwa kikao huko. Mama mkwe hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwanangu amekuwa kichekesho kwa sababu yako. Kawaambie vibarua kwamba alikuwa anajua, alikuwa anakupima tu."

Mume wangu akaongeza, "Ukisema hivyo Jumatatu, narudi. Usiposema, tafuta pa kwenda."

Nikapiga magoti pale pale. "Baba watoto, nisamehe kwa kukupandishia sauti mbele za watu. Hilo nilikosa. Lakini uongo huo sisemi, mama. Wakiamini hakukosea, siku nyingine akisema fungeni watafunga, na mimi huenda sitakuwepo."

Nikainuka nikaondoka. Njiani nililia sana, sitawaficha, kwa sababu nampenda. Jana mmoja wa wale vibarua wawili alikuja na mke wake mjamzito. Mwanamke yule alinishika mikono yote miwili akaganda hapo mlangoni.

Jumatatu ni keshokutwa na nitaenda kazini kama kawaida. Atakayeniambia nidanganye ili nilinde ndoa, asijisumbue kuandika. Ninyi wengine mlioishi na waume wenye kiburi, niambieni: nitamrudishaje nyumbani baba wa watoto wangu, huku akijua kabisa kwamba alikosea?