Boti Zilizofungwa Pua Gatini

Shemeji yangu tunamwita Nahodha, ingawa bahari anaisikia redioni tu. Kazi yake ni boti za makasia kwenye bustani ya mtoni, ile kongwe yenye pembea za chuma na jukwaa la bendi ambalo bendi yenyewe ilishakufa. Mimi nauza chai langoni, hatua chache tu kutoka gatini. Aliingia pale kijana, akipaka rangi mabenchi, wakampa boti, akazeekea humo. Dada yangu alimpata humo humo, maskini.

"Shemeji, hizo boti unazifuta kuliko unavyomtazama mkeo."

"Boti hazinijibu, shemeji."

Kiangazi mto ulipungua maji, boti zikawa zinagongana na kuchubuana rangi. Roho ikamuuma. Akazikaza pua zote chini kwenye nguzo ya gati kwa mnyororo mfupi, zisicheze hata kidogo, akapiga kufuli. Ufunguo, kama ilivyo desturi ya pale kazini, akampa msimamizi wa bustani. Msimamizi akaenda nao msibani kwao.

Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha huko juu mto unakotokea. Jua linawaka, watoto wako kwenye pembea, maji yakaanza kupanda. Boti hupanda na maji kama ina mnyororo wa kutosha. Hizi zilibanwa pua chini, mkia juu, kama bata wanaotafuta minyoo. Watu wakacheka. Nahodha hakucheka.

Akampigia msimamizi, simu haikupokelewa, akaitupa kwenye meza yangu ya chai, tukakimbilia gatini. Fundi wa pembea akaja mbio na msumeno wa chuma, lakini kufuli lilikuwa limeshazama, anapapasa tope tu. Boti ya kwanza ikajaa maji, ikazama. Ya pili ikafuata. Nahodha akarukia mkia wa ile ya kijani, akaukumbatia. Nami nikamkamata mkanda wa suruali.

"Niachie!"

"Sikuachii. Nitamwambia nini dada yangu?"

"Mimi ndiye niliyezikaza, shemeji. Mimi mwenyewe."

Nikazidi kuukaza ule mkanda. Boti ikamteleza mikononi taratibu.

Simu yake ikalia kwenye meza yangu ya chai. Nikapokea. Msimamizi anasema ufunguo anao, ameshapanda basi, tusubiri.

Nikarudi gatini. "Anasema tusubiri."

"Haya," akasema, akakaa pale gatini na kasia mapajani.