Uzi wa Shaba Badala ya Fyuzi

Eliakim ni fundi umeme wa magari pale Bomang'ombe, na kama una haraka nenda kwa mwingine. Akikutengenezea taa, lazima apande na wewe, mzunguke robo saa nzima zikiwaka, ndipo akuachie gari. Watu wanamcheka kwamba anapenda lifti. Wacheke tu, hawakuwepo Julai ile.

Siku hiyo Godwin, mkusanya maziwa wa Machame, alileta pikapu yake. Taa kubwa haziwaki, na kila fyuzi mpya ikiwekwa inaungua palepale. Hiyo ni shoti: mahali fulani waya umechubuka, unagusa bodi. Basi Eliakim akafanya wanachofanya mafundi wengi na hakuna anayekubali. Akaweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi, umeme upite tu, kisha akapapasa aone waya upi unapata moto. Akaupata nyuma ya taa ya kushoto, akauzungushia selotepu. Taa zikawaka vizuri. Mkewe Hellen alikuwa hapo na mtoto wao wa miezi minne, anataka kupanda Machame kwa mama yake.

"Panda na Godwin," akamwambia. "Gari limepona."

Wakaondoka saa tisa alasiri. Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka, bila taa huendi popote. Eliakim akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, vidole vikagusa fyuzi mpya. Uzi wa shaba ulikuwa bado kwenye gari! Fyuzi huungua yenyewe ili gari lisiungue, lakini shoti ikirudi, uzi ule ungevumilia mpaka waya zishike moto, chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya Hellen.

Akampigia Hellen, hapatikani. Ya Godwin inaita tu, haipokelewi. Akadandia bodaboda.

"Mangi, mkubwa wangu, sioni mbele," dereva akalalamika walipoingia kwenye ukungu.

"Twende tu, mke wangu yuko huko."

Kila kona alinusa hewa, akitafuta harufu ya plastiki iliyoungua. Akaomba Mungu, yeye ambaye kanisani husinzia kabla mahubiri hayajaanza. Na harufu ikaja.

Pikapu ilikuwa imesimama kando ya migomba, mlango wazi, moshi unatoka. Godwin alikuwa ameshachomoa betri, anamwagia dashibodi maziwa kutoka kwenye ndoo. Eliakim akaruka kutoka kwenye bodaboda, akakimbia.

Hellen alikuwa amekaa chini majanini. Kanga yake imeungua magotini, ngozi imetoa malengelenge. Mtoto alikuwa mzima, analia kwa nguvu. Eliakim akapiga magoti, akamshika mtoto kichwa, mgongo, miguu, akarudia tena.

"Si ungemwambia Godwin asimame mapema," akasema.

"Nilisikia joto tangu tulipoiacha lami," Hellen akajibu. "Nikanyamaza. Nilijua umetengeneza wewe."